Nilivyoenda Ulaya Kumshonea Sanda Bibi Ester

Kila anayepita kwenye baraza ya Bwana Kishor ananiuliza swali lile lile: "Shabani, eti ulienda Ulaya kufanya nini?" Nikimjibu nilienda kushona sanda, anacheka, halafu ananyamaza, halafu anageuka kuangalia kama nyuma yake kuna mtu amekufa. Nimechoka kusimulia nusu nusu huku naingiza uzi kwenye sindano. Basi nimeandika yote hapa, mpeane msome. Mimi shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha mimi, tulikubaliana. Mkikuta nimeandika ovyo, mjue ndo hivyo hivyo ninavyoongea.

Mchafukoge, kabla ya kuondoka

Wasionijua: mimi ni fundi cherehani. Nakaa kwenye baraza ya duka la vitambaa la Bwana Kishor, Mhindi aliyezaliwa mtaa huu huu na anayejua matusi ya Kariakoo kuliko mimi. Sifa yangu ni moja tu. Mshono wangu haufumuki. Nguo itachanika pembeni, itachakaa, itakuwa tambara la kudekia, mshono uko pale pale unakuangalia.

Ukubwani niliingia darasa la jioni la watu wazima, kusoma vizuri na kuokota Kiingereza cha kuombea maji. Pale ndo nikamkuta Mama Ruti, Mzungu Myahudi, mwalimu mstaafu, aliyekuja kujitolea miezi sita. Alikuwa anampa kila mtu shikamoo, mpaka mtoto wa muuza kahawa. Yeye alinifundisha kusoma gazeti bila kufuata mstari kwa kidole, mimi nikamfundisha cherehani. Akarudi kwao.

Siku moja akapiga simu. Akasema kwao jumuiya za Wayahudi za miji kadhaa ya Ulaya zimeshikana mikono. Watu wazima wanatembeleana na kufundishana kazi za kujitolea: huyu anajua kutunza makaburi ya zamani, yule anajua kupikia wazee. Mjini kwake kazi iliyobaki ni kushona sanda. Zao zinashonwa, siyo kukunja shuka kama sisi. Na anayejua kuzikata amebaki mmoja, shangazi yake, Bibi Ester.

"Fundi, shangazi anaumwa moyo," akasema. "Mikono inatetemeka, haishiki sindano. Wanafunzi wapo, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kushona kifungo. Nahitaji mikono inayoona kitu mara moja ikakishika."

"Sasa anamshonea nani?"

"Mwenyewe. Alishajishonea yake zamani, kama mila yao washonaji. Mwaka juzi jirani maskini akafa, theluji imefunga barabara, sanda hakuna. Akampa ile yake. Sasa hana. Anataka azikwe kwenye sanda iliyoshonwa na mikono ya nyumbani kwake, siyo ya kiwandani. Ndiyo kitu pekee anachoomba."

Nilipomwambia Bwana Kishor akavua miwani. "Shabani bhai, sisi tunachoma, nyinyi mnafukia, wao sijui wanafanyaje. Lakini wote tunaondoka na nyeupe. Nenda." Kisha akaharibu: "Ila usiwachekeshe. Wewe msibani unachekesha mpaka maiti."

Uwanja wa ndege

Tiketi na viza alishughulika Ruti, hayo siyasimulii. Nasimulia mkasi.

Ule mkasi wangu mkubwa nilikuwa nimeuviringisha ndani ya kanga, kwenye begi la mkononi. Fundi na mkasi wake hawatengani. Binti wa ukaguzi akaniamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mzee," nikaitika marahaba, halafu akafungua kanga.

"Mzee, hii nini?"

"Mkasi."

"Wa nini?"

"Wa kukatia."

"Kumkatia nani?"

Nikasema, "Sanda." Jamani. Foleni nzima ikarudi nyuma hatua mbili.

Walinikalisha pembeni, wakauliza, wakaulizana, mwisho wakacheka. Lakini mkasi hauendi. Begi kubwa lilikuwa limeshaondoka, ikabidi nimpigie Bwana Kishor aliyenisindikiza, alikuwa hajafika mbali, arudi auchukue. Akaupokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto. "Hata hujapanda ndege umeshaanza," akasema. Nikawa mtu wa mwisho kuingia, abiria wote wananitazama kama mimi ndo dereva niliyewachelewesha.

Nchi ya katikati

Tulibadilisha ndege kwenye nchi moja ya jangwa. Au tuseme tulitakiwa kubadilisha. Upepo wa mchanga ulishuka, nje kukawa rangi ya chai ya maziwa, hakuna kinachoruka. Nilikaa kwenye kiti cha chuma siku nzima. Siku zote za kujifunza zilikuwa nne, na moja ikawa inakwisha mimi naangalia ubao ambao kila mstari umeandikwa jambo lile lile.

Akapita mama mmoja anasukuma ndoo ya deki, mkono wa sare yake umeachia begani. Nikaona aibu kwa niaba ya fundi wake. Nikamwonyesha sindano, nikamwonyesha bega. Akasema, "Wewe ni wa Bongo?" Kumbe ni wa Mombasa.

"Umejuaje?"

"Nani mwingine anatembea na uzi umechomekwa kwenye kofia?"

Nikamshonea pale pale amesimama. Nikafunga fundo, nikarudisha, nikafunga la pili, nikafunga la tatu. "Hii mama, mpaka Kiyama," nikamwambia. Akaleta chapati yake ya mchana tukagawana, na chai kwenye kifuniko cha chupa. Aliniuliza naenda kwa nani. Nilipomwambia, akaacha kutafuna. "Muombee huyo bibi angoje," akasema. Ndo mara ya kwanza nikaogopa kweli. Mpaka pale nilikuwa nimeichukulia kama matembezi.

Treni kutoka Budapest

Ndege ilinitua Budapest kesho yake, Jumatano. Toka pale ni treni ya masaa matatu mpaka mji wa Ruti. Jina la mji nalitamka vibaya hadi leo, nikilisema wenyewe wanafikiri naomba supu. Nauita mji wa Ruti.

Treni ikasimama katikati ya shamba. Ikasimama masaa mawili. Hakuna aliyelalamika, kila mtu akatoa chakula kama walikuwa wamepanga. Mzee mmoja mbele yangu mwenye masharubu akafungua karatasi, mkate na soseji, akanikatia kipande kinene. Nikamwuliza kwa Kiingereza changu kama ni nguruwe. Hajui Kiingereza. Nikamlilia kama nguruwe. Behewa zima likageuka. Mzee akafurahi sana, akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, na yeye akalia kama nguruwe, vizuri kuliko mimi. Nikaweka mkono kifuani kukataa. Akafikiri naumwa. Akanipa maji, akanivua kofia, akanipepea kwa gazeti. Mwishowe akaelewa, sijui vipi, akacheka mpaka machozi, akaondoa soseji akanijazia pilipili hoho na matango ya siki. Nilikula matango yale mpaka meno yakafa ganzi. Tulipoagana akanibusu mashavu yote mawili, na yale masharubu.

Ruti alikuwa kituoni. "Shikamoo, fundi!" Mama ananizidi miaka zaidi ya kumi. Nikaona bora niitike tu.

"Bibi vipi?"

"Yupo. Amekataa kulala mpaka akuone."

Meza ya Bibi Ester

Bibi Ester alikuwa mdogo kama kifurushi, amekaa kwenye kiti chenye mito mbele ya meza ndefu. Nikampa shikamoo kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa, Ruti akamtafsiria, akanicheka. Akaomba mikono yangu. Akaigeuza, akapapasa pale kidole kilipoota sugu ya sindano. Akasema kitu. Ruti akasema, "Anasema leo ndiyo amefika mtu."

Darasa lilianza Alhamisi. Wanafunzi walikuwa wanne, mmoja wao Dora, daktari wa meno kutoka Praha, anavuta uzi kama anashona fizi. Kitambaa kilikuwa kitani cheupe, kipande kimoja, cha mwisho cha Bibi. Hakuna ramani wala kipimo kwenye karatasi, vyote viko kichwani mwake. Alikuwa anaonyesha kwa kidole kinachotetemeka, mimi nakata kwa mkasi wa kuazima. Kofia. Suruali iliyozibwa chini. Kanzu. Joho la juu. Mkanda. Na shuka la kufunika vyote. Matajiri na maskini wa mji ule wote wanavaa hiyo hiyo.

Wote mle ndani tulijua tunamkatia nani. Hakuna aliyesema. Na mimi nilikataa kumpima. Nimepima watu maisha yangu yote, lakini kumzungushia futi mtu aliye hai kwa ajili ya nguo ile, mkono haukwenda. Nilimkisia kwa macho.

Jioni alichoka, akalala kabla ya kutufundisha kushona. Akasema kesho.

Ijumaa

Hapa ndo nilipoharibu, na sina wa kumsingizia.

Ijumaa asubuhi nyumba nzima ilikuwa mbioni, maana Sabato yao inaingia jua likizama, na vyakula vyote lazima viive kabla. Bibi amelala, wanafunzi wako jikoni wanakatakata. Mimi nimebaki na meza, vitambaa vilivyokatwa, na kwenye kona kuna cherehani ya miguu, ya zamani, imetiwa mafuta, inaniita kwa jina. Nikajiambia, Shabani, tumepoteza siku nzima jangwani, huyu bibi anapumua kwa shida. Wafanyie mshangao.

Masaa matatu. Nikamaliza kanzu, suruali na joho. Nikarudisha kila mwisho wa mshono, nikafunga mafundo, nikapinda kingo mara mbili. Na kwenye kanzu, kwa mazoea tu, mkono wenyewe ukaenda, nikaweka mfuko wa kifuani. Mzuri! Umekaa sawa na kiganja.

Bibi akaamka kama saa saba mchana. Nikamwekea kanzu mapajani, nikasimama kando kama ninayesubiri kusifiwa. Akapitisha vidole kwenye mshono. Akafika mwisho, kidole kikasimama. Akatafuta mwisho mwingine, kikasimama tena. Dora akaziba mdomo. Halafu Bibi akaukuta mfuko.

Akaingiza mkono ndani. Akaniangalia. Akasema neno moja kwa Ruti.

"Anauliza, anaenda kununua nini?"

Walicheka wote, na Bibi mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuelewa kutokana na sura ya Ruti.

Akanieleza taratibu. Sanda yao inashonwa kwa mkono tu. Hakuna mfuko, kwa sababu ile aliyoiuliza. Na hakuna fundo, hata moja. Uzi unaanza hivi hivi na unaishia hivi hivi. Hata mkanda unazungushwa tu, haufungwi.

"Sasa si itafumuka?"

Bibi akajibu mwenyewe, kidogo kidogo, Ruti anafuata. "Ndiyo, fundi. Ifumuke. Mtu anaondoka, wewe unamfunga ili iweje?"

Jamani, sisi mafundi tuna kitu tunaita bandi. Ule mshono mrefu wa kushikiza tu, mteja ajaribu, halafu unautoa. Bandi siyo kazi, bandi ni maandalizi. Kumbe ile nguo nzima wanataka iwe bandi. Nilitoka kwetu kwa sifa ya mshono usiofumuka, nikaenda kwenye nyumba pekee duniani ambako hiyo sifa ni kosa.

Na kitambaa hakuna kingine. Ikabidi kufumua, uzi kwa uzi, kwa ncha ya sindano, kitani kisichanike. Mnajua kazi yangu. Kufumua kanzu niliyoshona mimi ni kama kubomoa benki. Tulikuwa tumefumua nusu ya kanzu wakati Ruti alipotazama dirishani, akaweka sindano chini, akaenda kuwasha mishumaa.

Siku isiyo na sindano

Sabato hawashoni. Hawafumui, hawakati, hawawashi moto. Nikamwambia Ruti, "Mimi sina Sabato. Nipeni chumba, niendelee peke yangu." Akaenda kumuuliza Bibi.

Jibu likarudi: "Wewe ni mgeni wangu. Nguo hii haishonwi Sabato hata na mgeni. Njoo ule."

Nikala. Mkate wa kusuka, samaki wa baridi, supu ya kuku inayofanana na ya mama mkwe. Nikitoka kunawa nikaona taa za ukumbini zinawaka bure, hakuna mtu. Mimi ni mtu wa LUKU, umeme wa kulipia kwanza. Nikazima. Nikapita chooni nikazima. Nikapita jikoni nikazima. Nikarudi mezani najiona mstaarabu.

Kumbe zile taa zimeachwa makusudi, wao siku hiyo hawagusi swichi, si kuwasha si kuzima. Wala hawaruhusiwi kunituma. Basi watu wanagongana na milango huko, na Ruti anasema kwa sauti kubwa, akiangalia dari: "Humu ndani kuna giza kweli."

"Kweli," nikasema.

"Giza sana, fundi."

"Pole, mama."

Dora ndo alikuwa anakufa kwa kucheka. Ilinichukua muda mrefu kuelewa. Nikainuka nikaziwasha zote, hata zile ambazo sikuzizima mimi.

Asubuhi Jumamosi wengine walienda sala, Ruti na mimi tukabaki na Bibi. Alikuwa mweupe kuliko jana. Akaniuliza sisi tunazikaje. Nikamweleza: tunaosha, tunatia karafuu maiti, tunaviringisha shuka tatu kwa mwanamume, kwa mwanamke tano, tunafunga kwa vitambaa kichwani, kiunoni, miguuni, ili asifunuke njiani.

"Mnafunga," akasema.

"Tunafunga. Lakini tukishamlaza ndani ya kaburi, aliyeshuka naye anavifungua."

Nikajisikia nikisema. Nimeshuka makaburini mara nyingi, nimefungua vile vitambaa kwa vidole hivi hivi, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza kwa nini. Bibi akapiga piga mkono wangu.

"Basi unajua," akasema. "Ila sisi tunamfungulia mapema."

Mchana tukala maharage yaliyochemka polepole tangu jana na nyama na shayiri, mazito, matamu. Bibi alionja kijiko kimoja. Akaomba alazwe. Kama saa nane hivi Ruti akaenda kumwangalia, akakawia. Nikasikia dirisha linafunguliwa. Baridi ikaingia mpaka sebuleni, nikajua Bibi ametutoka. Nikasema *inna lillahi* palepale kwenye kiti, kimya kimya.

Hawamwachi maiti peke yake. Ruti alikaa ndani anasoma zaburi, mimi nikakaa kwenye kizingiti. Mezani, hatua kumi kutoka pale, kanzu ilikuwa nusu imefumuliwa, suruali na joho havijaguswa, na mikono yetu imekatazwa mpaka nyota tatu zitoke, Sabato iishe. Sijawahi kuangalia mbingu namna ile. Nilikuwa naenda dirishani, narudi, naenda. Mimi ndiye niliyempotezea Ijumaa yake. Nilikuwa nalijua hilo, na hakuna mtu aliyenisaidia kulisahau, wala aliyenikumbusha.

Masaa ya Mzee Andrash

Nyota zilipotoka akaingia Mzee Andrash, mkuu wa wazikaji wao. Mrefu, ametembea kwa miguu, buti zina matope. Alisimama kwanza mbele ya Bibi, akamwomba msamaha kwa jina lake, ndo desturi. Halafu akaja mezani.

"Kuosha ni kesho saa nne asubuhi. Hii haiwezi kuwa tayari. Kwenye boksi tunayo ya kiwandani. Ni halali, ni safi."

"Yake alimpa mtu mwingine," Ruti akasema. "Leo sisi tumpe ya boksi?"

"Ruti, simkatalii. Naangalia saa." Akanigeukia. "Huyu ndiye aliyeweka mfuko?"

Mji ule habari zinatembea hata Sabato.

"Ndiye," Ruti akajibu.

"Na yeye atashona? Si mtu wetu."

Nikasema, Ruti atafsiri, kama nimezuiwa nitawaelekeza wenzangu kwa mdomo tu na mikono nitaikalia. Mzee akatoa simu, akampigia rabi wao aliyeko mji mkubwa. Aliongea, akasikiliza, akasikiliza sana. Akaweka simu mfukoni.

"Anasema mwenye mkono mwema ashone. Kuosha ni kwetu." Kisha akavuta kiti akakaa. "Nionyesheni jinsi ya kufumua. Macho yangu bado yanaona."

Tukafumua watu sita, wa saba amekaa na Bibi. Pamba ndogo ndogo za uzi zikawa zinarundikana mezani. Mafundo yangu yalikuwa magumu kweli, na kila nililolikuta nilikuwa nasema "samahani" bila kujua kama nasema kwa sauti. Dora alikuwa na kifaa chake cha meno, ncha yake nyembamba, kikawa kinatoa fundo kama jino. Mpaka chakula cha jioni vitambaa vyote vilikuwa vimerudi vipande. Nikawaambia walale, mshono wa usingizi ni mshono mbaya.

Alfajiri nikasali, nikakuta wote wameshakaa mezani. Nikawafundisha bandi. Ndo kitu cha kwanza fundi yeyote anafundishwa, na mimi nilikuwa sijakishona kwa heshima tangu nilipokuwa mwanafunzi. Sindano inaingia, inatoka, uzi mrefu, usivute sana. Kila tulipofika mwisho mkono wangu ulitaka kurudi kufunga. Kila mara. Nikawa nauzuia kwa mkono wa pili. Mnacheka, lakini jaribuni siku moja kuacha kazi yenu bila kuifunga, muone mwili unavyokataa.

Saa nne kasoro, Dora akapitisha uzi wa mwisho kwenye mkanda. Mzee Andrash akapitisha vidole kwenye kila mshono, kama alivyofanya Bibi, mwisho mpaka mwisho. Vidole havikusimama popote. Akakunja nguo zote, akampa Ruti. Wanawake wakaingia, mlango ukafungwa. Mimi nikabaki nje na Mzee, tunaangalia buti zetu.

Makaburini

Jeneza la mbao tupu, halina hata kitasa. Kaburi walichimba wenyewe, wakafukia wenyewe, kama sisi. Mzee Andrash akatia udongo mara tatu. Nikanyoosha mkono anipokeze koleo. Akalichomeka ardhini mbele yangu, akaondoka.

Niseme ukweli, iliniuma. Nikajua mfuko haujasamehewa. Ruti akanisogelea. "Lichomoe mwenyewe, fundi. Hatupokezani mkono kwa mkono. Huzuni kila mtu anaiokota ya kwake."

Nikalichomoa. Nikatia mara tatu, moyoni nikasema maneno yangu ya Kiislamu, maana sina mengine. Nikalichomeka, nikasogea, Dora akalichukua.

Tulirudi kwa miguu, njia ya majani makavu. Nilijizuia kwa heshima ya msiba, nikajizuia tena, lakini mimi ni fundi. Ni nguo pekee niliyoshona bila kumwona mwenyewe akiwa ameivaa. Karibu na nyumba nikashindwa.

"Mama Ruti, imekaaje?"

"Mabega yamekaa sawasawa. Shingo imekaa. Mikono mirefu kidogo, imemfunika mpaka kucha."

"Nilimkisia kwa macho," nikasema. "Ningempima, ningepunguza."

"Hapana," Ruti akasema. "Siku zote alikuwa anasikia baridi vidoleni."